Saa Nane ya Wafula

Mwanangu Nasra,

Mama yako yuko jikoni anakaanga visheti vya kukupakilia, na wewe umetoka kwenda kuwaaga wenzako. Nimefunga mlango wa chumba na nimeuegemeza kiti kwa ndani, utasema kuna mtu anataka kuja kunipora karatasi. Ndivyo nilivyo, na umenicheka kwa hilo tangu ulipojua kucheka.

Mambo ya kula, kulala na kujifunika vizuri kwenye baridi ya kiyoyozi namwachia mama yako, ambaye tangu juzi hajanyamaza. Mimi nina jambo moja tu, nimelikalia miaka kumi na minne. Huyo Wafula utakayefanya kazi chini yake Jeddah, ni mimi niliyesababisha apoteze kazi hapa Riyadh, kwa kosa ambalo hakulifanya. Jumapili utasimama mbele yake. Nimeona ulisikie kwangu kabla hujafika kwake, na baada ya hapo unipime unavyotaka.

Unakumbuka siku uliyopata jibu la kazi? Uliingia sebuleni unaruka, simu mkononi. "Baba, nimepata! Na msimamizi wetu Mkenya, Mista Wafula, mcheshi huyo! Kaniuliza kama baba yangu bado anakaa Suwaidi." Chai ikanipalia. Ukanipiga mgongo, ukadhani ni furaha. Nilifurahi, mama, sikufichi, lakini furaha yenyewe haikudumu hata dakika moja. Kaulizia Suwaidi, mtaa wetu, ya nini? Kwa nini amchukue mtoto wangu, katika watoto wote walioomba? Wiki tatu nilikuwa nikiamka na swali hilo na kulala nalo, na kila nilivyoligeuza niliona mtego.

Wewe unanijua mimi na shuku zangu kwa upande wa kuchekesha. Unajua nikienda kununua tikiti maji hapa mtaani nalipiga kofi, nalinusa, nalitikisa, mpaka muuzaji anasema, "Yalla, ya haji, oa au acha." Unajua ninavyorudi mara tatu kuangalia jiko la gesi. Upande wa pili wa tabia hiyo hujauona. Na ubaya ni kwamba kazini ilinijengea jina, kwa sababu kazi yetu inataka mtu wa kushuku.

Unaijua kazi hii ya kupima mionzi hospitalini kwa vitabu. Acha nikwambie tulivyoifanya sisi, Wafula na mimi, katika chumba kimoja chini ya ngazi, hakina dirisha. Tulipika jeli. Kweli tulipika: maji safi, jelatini ya ng'ombe, madini ya chuma kidogo na rangi, tukamimina kwenye chupa kubwa za kioo, ikaganda ikiwa na rangi ya chungwa lililoiva. Chupa inakwenda kulala kwenye mashine ya mionzi mahali ambapo kichwa cha mgonjwa kitalala, inapigwa mpango uleule wa mionzi atakaopigwa mgonjwa. Palipopita mionzi, jeli inageuka zambarau. Kisha chupa inarudi kwetu, tunaitumbukiza kwenye tangi lenye maji maalumu ili mwanga usipinde ukigusa kioo, taa upande huu, kamera upande ule, na chupa inazungushwa kidogo kidogo huku ikipigwa picha hadi imalize mzunguko. Kompyuta inazishona picha, na unaona kipimo cha mionzi kimesimama hewani na umbo lake, urefu, upana na kina. Mara ya kwanza nilipoliona umbo lile nilisogeza uso mpaka karibu na kioo cha kompyuta, mdomo wazi. Wafula akaniambia, "Sheikh, funga mdomo, nzi wataingia."

Na kila kitu pale kinastahili kushukiwa. Kiputo cha hewa kitakudanganya, na alama ya kidole pia. Chupa ikikaa imegeuka nyuzi mbili tofauti na ilivyokaa kwenye picha za kwanza, zile za kabla ya mionzi, itakudanganya kwa ujasiri. Lakini kubwa kuliko yote, jeli yetu ile haisubiri. Ukishaipiga mionzi, rangi inaanza kutembea, kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Ndani ya saa moja au mbili kingo bado ni kali. Ukiiacha kutwa, kingo zinafifia, na utaona kama mionzi imemwagikia pale isipotakiwa. Kwa hiyo juu ya kila chupa tulibandika karatasi, na kitu cha maana kuliko vyote kwenye karatasi ile kilikuwa saa.

Sasa sikiliza kosa langu la kwanza, maana ndilo lililozaa mengine. Nilianza kuwashuku wenzetu wa zamu nyingine kwamba wanachungulia chupa zetu na kumpelekea bosi matokeo kabla yetu. Sikuwa na ushahidi wowote, ila siku moja niliikuta chupa imehamishwa rafu. Nikamwambia Wafula kuanzia leo karatasi zote tuandike kwa Kiswahili, sisi wawili peke yetu tuzisome. Alicheka mpaka akashika meza.

"Hamad, hii ni siri ya serikali ama ni jelly?"

"We andika tu."

"Haya bana. Nitaandika. Lakini hii akili yako, wacha tu."

Akaandika. Miezi kadhaa tukaenda hivyo bila tatizo, kwa sababu kila mara tulikuwa pamoja chupa inapotoka kwenye mashine.

Kisha ikaja siku ambayo hatukuwa pamoja. Mgonjwa alikuwa mama mmoja wa makamo, ana uvimbe nyuma ya jicho, umekaribiana mno na mshipa wa kuonea. Mpango wake ulikuwa mkali: hapa mionzi yote, unywele mmoja pembeni hakuna kitu. Bosi akataka jeli ithibitishe kabla ya kumgusa. Mimi nilikuwa naingia mchana. Nilipofika nikaikuta chupa kwenye kasha lake la giza, na karatasi ya Wafula: "Chupa ya tatu. Imepigwa saa 8.10. W." Mwenyewe alikuwa ameshamaliza zamu yake na kuondoka.

Mimi ni mtu wa Pemba. Saa 8.10 kwangu ni saa nane na dakika kumi, mchana, baada ya adhuhuri. Nikatazama ukutani, saa tisa na robo. Nikasema vizuri, imepita saa moja tu, nikaitumbukiza tangini.

Picha ilipokamilika kingo zote zilikuwa zimefifia. Kwa picha ile, mshipa wa jicho wa yule mama ungeungua. Nikampigia bosi, na matibabu yakasimamishwa. Tukapika chupa nyingine tukaipiga upya, mara hii nikiwepo, na ikatoka safi kabisa, kingo kali, mpango hauna kasoro. Kwa hiyo chupa ya tatu ndiyo iliyokuwa na tatizo, na chupa ya tatu aliishika Wafula.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini mimi nilikwenda kufungua kumbukumbu za mashine. Saa nane na dakika kumi mchana mashine ilikuwa mikononi mwa mafundi, imefunguliwa, hakuna mionzi iliyotoka. Damu ikanichemka. Nikaona nimemnasa mtu aliyebandika saa ya uongo. Niliandika ripoti siku ileile, kurasa mbili, na nakumbuka niliiandika kwa raha. Naona haya kukwambia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Bosi akatuita. Akaichukua ile karatasi ya chupa, akanipa mimi, kwa sababu katika idara nzima wenye kuweza kuisoma tulikuwa wawili, na mmoja ndiye mtuhumiwa.

"Imeandikwa nini?"

"Imepigwa saa nane na dakika kumi mchana," nikamtafsiria, nikamweleza kwamba Waswahili tunahesabu saa tangu jua lichomoze.

Wafula akaruka kwenye kiti. "No, no, bosi! Eight! Eight in the morning! Nilipitisha na zile checks za asubuhi, ju mafundi walikuwa wanakuja mchana!"

Nikamgeukia kwa Kiswahili. "Wafula, saa nane ni saa nane."

"Kwenu, Hamad! Mimi nikiandika eight nasoma saa mbili. Si unajua hiyo? Hamad, si unajua?"

Kumbukumbu za asubuhi zilionyesha majaribio ya kila siku tu, na chupa aliipitisha humo humo bila kuandika neno. Hilo lilikuwa kosa lake, dogo, na hata mimi nililifanya mara nyingi. Bosi akanitazama, akasubiri. Nikasema mimi nimesoma kilichoandikwa. Bosi akafunga faili, akasema, "Halas," yamekwisha.

Nasra, nimejiuliza swali lile la Wafula miaka yote hii. Si unajua? Mtu aliyekaa Riyadh miaka, anayeona saa za kidijitali kila ukuta, hajui kwamba 8 inaweza kuwa asubuhi? Nadhani nilijua. Nadhani lilinipitia kichwani pale pale kwenye kiti, nikalisukuma, kwa sababu nilikuwa nimeshaandika kurasa mbili na nimeshaamini kwamba nina jicho kuliko wengine. Alipokuwa akisema ukweli, mimi nilikuwa nikisikiliza jinsi anavyotunga.

Mkataba wake haukuongezwa. Ikama yake, kibali cha kuishi hapa, ikaisha, akapewa ekziti ya kuondoka moja kwa moja. Siku mbili kabla ya safari alikuja hapa nyumbani kuaga. Wewe ndiye uliyemfungulia mlango. Ulikuwa na miaka tisa, meno mawili ya mbele makubwa kuliko uso. Ukaja chumbani mbio: "Baba, kuna mtu, anaitwa Wafula, amekuja kusema bai."

Nikakwambia, "Mwambie nasali."

Ukanitazama. "Baba, mbona bado hawajaadhini?"

"Mwambie tu."

Ukaenda ukamwambia. Nilisikia sauti yako, nikasikia na yeye anacheka kidogo, kisha mlango ukafungwa. Nilimfundisha mtoto wangu kusema uongo kwa jina la sala, na mtoto akatii kwa sababu anamwamini baba yake. Hujawahi kuniuliza kuhusu siku ile. Kila mara nimeshuku kwamba unaikumbuka.

Sasa tuje kwenye ile siku unayoipenda wewe, ya kunicheka mbele ya wageni. Ilikuwa mwezi wa pili tangu Wafula aondoke. Mlikuwa na sherehe ya kusoma mashairi shuleni, ukaniandikia kikaratasi kwenye friji: "Baba usisahau sherehe yetu kesho saa 10." Nikaomba ruhusa kazini, nikavaa kanzu mpya, nikafika shuleni kwenu saa kumi alasiri na boksi la keki. Geti limefungwa. Mlinzi anafagia vipande vya maputo. Akaniambia, "Mafi, mafi, hakuna mtu. Wameondoka zamani." Nikamwonyesha kikaratasi, na mkono wangu ukiwa bado umenyooka kumwonyesha ile namba kumi, ndipo nikaona nilichofanya. Mtoto wa kwangu, damu yangu, ameandika kumi akimaanisha saa nne asubuhi, na haikunipitia akilini hata kidogo kwamba amenidanganya.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara na keki yangu mapajani. Wewe unasimulia kwamba baba alirudi macho mekundu kwa sababu ya kukosa shairi lako. Kweli niliumia kulikosa. Lakini nilikuwa nimemlilia Wafula.

Na bado sikusema. Kesho yake nilifika mpaka mlangoni kwa bosi, nikaona mwanga chini ya mlango, nikageuka. Nilijiambia ada yako ya shule, nilijiambia ikama yetu sote watatu iko chini ya jina langu, nilijiambia ameshaondoka na ekziti hairudishwi. Kila moja ni kweli, ila kweli zote hizo zilikuwa zinanifaa mimi. Sikumwambia hata mama yako. Yule mgonjwa alisubiri zaidi ya wiki bila sababu, akatibiwa, akahamia kwao, na mpaka leo sijui kule kusubiri kulimfanya nini.

Nilichofanya ni kuanza ile sheria ya nyumbani. Kila saa inayoandikwa humu ndani iandikwe mara mbili, kwa maneno na kwa tarakimu za saa ishirini na nne, na aliyeandikiwa aisome kwa sauti. Ukaniita Baba Saa Mbili-Mbili. Mlicheka wewe na mama yako, mkaizoea. Ilikuwa kama kulipaka rangi jumba lenye ufa.

Mwezi uliopita nilipokwenda Jeddah niliwaambia nakwenda umra. Umra niliifanya, hilo si uongo. Lakini baada yake nilikwenda mtaa wa Al-Mahjar, maana niliulizia nikaambiwa Wafula anakaa huko, ingawa kwa cheo chake angeweza kukaa Al-Rawdah karibu na hosteli utakayokaa. Aliporudi nchi hii kwa kafili mwingine, mdhamini mpya wa kazi, ndiko walikompokea watu wa kwao, akabaki. Nilipanda ngazi nikijiandaa kwa ugomvi. Alifungua mwenyewe, mvi zimejaa, miwani imening'inia shingoni.

"Hamad," akasema. "Umemaliza kusali?"

Nikainama kuvua viatu. Akanipisha, akanipa chai ya maziwa, akakaa mbele yangu. Nikamuuliza moja kwa moja, kwa sababu ndilo lililokuwa linanila: "Unataka nini kwa mwanangu?"

"Namtaka kazini Sunday ile ataanza. Eight o'clock." Akanywa chai. "Ya asubuhi, Hamad."

Sikucheka. Nikamwambia sikuelewa kwa nini amemchagua. Akaweka kikombe chini, akanieleza kwamba kwenye usaili aliwauliza wote swali moja: chupa imetoka kwenye mashine, unaandika nini juu yake? Wakamtajia namba, mpango, jina. Wewe ukasema unaandika saa mara mbili, kwa maneno na kwa tarakimu, kisha unamsomea mwenzako kwa sauti naye anakusomea. Akakuuliza nani kakufundisha. Ukasema, "Baba yangu. Kwetu hata kikaratasi cha friji tunaandika hivyo, tangu nilipokuwa na miaka tisa."

"Miaka tisa," Wafula akaniambia. "Nikapiga hesabu. Miaka yote nilikuwa nasema pengine huyu mzee hakuelewa tu, alisoma vile alivyosoma. Kumbe ulikuja kujua. Ni mtoto wako aliniambia, na hajui aliniambia."

Nikaanza kumwomba radhi. Akainua mkono.

"Hapana. Si hapa, si kwa hii nyumba. Enda uandike mahali uliandika ile ingine. Na msichana mimi sitamwambia kitu. Yeye ni kazi yako."

Alinisindikiza mpaka chini na kuniitia teksi. Njia nzima nilikuwa natafuta hila yake iko wapi, na nilifika uwanja wa ndege sijaipata. Mpaka leo kuna sehemu yangu bado inatafuta. Sikudanganyi kwamba nimepona.

Jana, Alhamisi, nilimpelekea bosi barua. Ndiye yuleyule. Kurasa mbili, kama ile ya kwanza, nikieleza chupa ya tatu, saa iliyoandikwa, mtu aliyeisoma, na siku niliyojua. Aliisoma yote, akaniambia atanijibu wiki ijayo, uso wake sikuweza kuusoma. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Huenda ukirudi likizo utukute Suwaidi, huenda utukute Wete kwetu Pemba, na mama yako ana haki ya kunipa mimi lawama zake zote. Nakala ya barua hiyo iko ndani ya bahasha hii. Mpe Wafula mkononi. Bahasha sijaifunga, kwa sababu nakujua, ungejiuliza kuna nini humo ambacho baba hakukisema.

Kuna jambo moja nalishuku, na sitaki ulisikie kwa mwingine. Nashuku kwamba kama usingefaulu usaili ule, barua hiyo isingeandikwa kamwe. Nakupenda, Nasra, na nina fahari nawe hadi kifua kinauma, na aibu pia imo humo humo.

Utashuku vitu vingi kwenye kazi ile, na utakuwa sahihi mara nyingi. Shuku kiputo, shuku tangi, shuku kompyuta. Ila mtu akikwambia "si unajua?" kwa sauti ile, simama kwanza. Mimi sikusimama.

Wafula atakuuliza kama nimekwambia. Mwambie ndiyo. Akikuuliza nimekwambia lini, mwonyeshe hapa chini.

Baba yako,
Hamad

Riyadh, Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini alasiri, 16:40. Nimeondoa kiti mlangoni, nimemwita mama yako, nimemsomea yote kwa sauti, naye amenisomea.